Massospondylus ni nani kwa jitu la Tendaguru? Jibu kwa mwalimu wa Kondoa

Swali: Nafundisha biolojia sekondari huku Kondoa. Kwenye kipindi cha uainishaji wanafunzi wamegombania picha ya dinosaria aitwaye Massospondylus: shingo ndefu, kichwa kidogo, kasimama kwa miguu miwili. Kitabu kimoja kinamwita prosauropodi, kingine sauropodi, na kijana mmoja kasoma kwenye simu kwamba ni sauropodomofa. Nimwandike wapi ubaoni? Je, huyu ndiye babu wa yule mkubwa wa Tendaguru? Na mwanafunzi mwingine kaniletea jiwe la mlimani linalofanana kabisa na mfupa. Huku kwetu wanaweza kupatikana?

Jibu: Mwalimu, huyo wa simu kapatia. Andika "sauropodomofa" na usifute. Kitabu kinachomwita sauropodi kimempa cheo asichokuwa nacho, na kinachomwita prosauropodi kinatumia jina ambalo wataalamu wengi wameshaliweka kando. Babu wa Giraffatitan, yule jitu wa Tendaguru kule Lindi, siye. Jiwe nitalifikia, ila mwambie kijana asianze kutangaza.

Tuanze na kundi. Sauropodomofa ni tawi zima la dinosaria walio karibu kindugu na majitu ya shingo ndefu kuliko walivyo karibu na kundi la wala nyama lenye Tyrannosaurus, ambalo ndege wa leo wametokana nalo. Tawi hilo lilianza na wanyama wadogo tu, likaishia na wanyama wakubwa kuliko wote waliowahi kutembea nchi kavu. Sauropodi ni ncha ya tawi hilo: wale wazito wa miguu minne iliyosimama wima chini ya mwili. Kwa hiyo kila sauropodi ni sauropodomofa, lakini Massospondylus ni sauropodomofa ambaye hajaifikia ncha. Ukitaka kushuka naye zaidi, ana familia yake, Massospondylidae, na spishi inayojulikana zaidi ni Massospondylus carinatus. Aliishi mwanzoni mwa Jurasiki, kati ya miaka milioni 200 na 183 hivi iliyopita. Mabaki yake yametoka Afrika Kusini, Lesotho na Zimbabwe. Urefu wake, kuanzia puani hadi ncha ya mkia, ulikuwa mita 4 hadi 6.

Mkanganyiko wa majina haukuanzia darasani kwako. Mwaka 1854 Richard Owen, bingwa wa anatomia wa London, alielezea mifupa iliyotoka Harrismith, Afrika Kusini. Ilikuwa mchanganyiko wa vipande, na kwa kuwa pingili za mkia hazikufanana, Owen aliamua kwamba mbele yake kuna wanyama watatu, akatoa majina matatu: Massospondylus, Pachyspondylus na Leptospondylus. Wala hakuwaona kuwa dinosaria. Aliwaweka kwenye reptilia wakubwa wala nyama waliotoweka, na hapo kumbuka kwamba neno dinosaria ni yeye aliyelibuni, mwaka 1842. Mifupa yenyewe iliteketea London kwenye mabomu ya mwaka 1941. Jina likabaki bila mwenyewe, hadi mwaka 2010 Adam Yates na Paul Barrett walipokichagua kiunzi kingine, karibu kamili na chenye fuvu lake, kiwe kielelezo rasmi cha spishi. Kiunzi hicho kiko Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Leo mtu akiokota mfupa na kudai ni wa Massospondylus, hapo ndipo pa kuulinganisha.

Neno prosauropodi lilikuja mwaka 1920, na mwenye nalo ni Friedrich von Huene, Mjerumani aliyefanya kazi kubwa juu ya Plateosaurus. Huyo Plateosaurus ni ndugu wa Ulaya, alipewa jina mwaka 1837, na alifika hata mita 10. Von Huene aliwaona Plateosaurus, Massospondylus na wenzao wakiwa na sura moja: shingo ndefu, kichwa kidogo, mikono mifupi, gumba lenye kucha kubwa. Akawakusanya kwenye kundi moja lililotangulia sauropodi. Kwa wakati wake lilikuwa wazo la maana, na vitabu vililinakili kwa miongo mingi.

Tatizo ni kwamba siku hizi hatuainishi kwa sura bali kwa nasaba. Kundi halali ni mhenga mmoja na wazao wake wote, bila kumwacha mtu nje. Kwa lugha ya nyumbani: chukua ukoo wa mzee mmoja wa Kirangi, hesabu watoto na wajukuu wote, halafu waondoe waliohamia Dar wakanenepa, na hao wengine uwaite ukoo. Umepata orodha ya waliobaki kijijini, hujapata ukoo. Prosauropodi ndivyo walivyo. Ukiziweka sifa za mifupa yao kwenye jedwali na kutafuta mti unaozieleza vizuri zaidi, hawasimami pamoja kwenye tawi lao. Wanajipanga kama ngazi kuelekea sauropodi: Plateosaurus chini, Massospondylus juu yake kidogo, wengine juu zaidi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwepo wataalamu wa heshima waliolitetea kundi la zamani, kwa hiyo kitabu chako si cha kutupwa. Mimi mwenyewe nikisikia "prosauropodi" kwenye mazungumzo sigombi, maana naelewa ni umbo gani linalozungumzwa. Kwenye jedwali la uainishaji ndipo nisipolikubali.

Kuna hoja ya mwaka 2017, ya Matthew Baron na wenzake, iliyotaka kupanga upya hata matawi makuu ya dinosaria na kuwaweka wala nyama upande mmoja na wale wa nyonga kama za ndege. Mjadala bado upo, ila kwa swali lako haubadilishi kitu: Massospondylus anabaki kwenye tawi lake lile lile.

Sasa mwili, na nianze na mkono, kwa sababu ugomvi wa miguu miwili au minne umeamuliwa hapo. Waambie wanafunzi walaze kigasha juu ya dawati, kiganja kikiangalia juu, kisha wakigeuze kiangalie chini huku wameshika kigasha kwa mkono wa pili. Watausikia mfupa wa upande wa gumba ukipita juu ya mwenzake. Bila mfupa huo kuvuka, kiganja hakigeuki. Mwaka 2007 Matthew Bonnan na Phil Senter waliichunguza mifupa hiyo miwili kwa Plateosaurus na Massospondylus, wakaona kwamba umbo la viungo haliruhusu mfupa mmoja kuuvuka mwingine. Viganja vyao vilikaa vikitazamana, na mnyama asiyeweza kukanyaga kwa kiganja hatembei kwa mikono. Ongeza kwamba mikono yenyewe ni mifupi ukiilinganisha na miguu. Picha za zamani zinazomwonyesha akitembea kwa minne zimechorwa kwa mazoea ya kuwaona sauropodi, si kwa kuitazama mifupa.

Mkono una vidole vitano. Cha nne na cha tano ni vidogo na havina kucha za maana, cha pili na cha tatu vina kucha za kawaida, halafu kuna gumba: nene, fupi, na kucha kubwa iliyopinda. Kiungo cha gumba kimekaa kwa mshazari, hivyo likinyooshwa kucha inaelekea upande wa ndani, mbali na vidole vingine. Ilikuwa ya kuvutia matawi, ya kupigania au ya kufukulia? Nadhani ilifanya kazi zaidi ya moja. Kilicho muhimu kwa somo lako ni kwamba ukienda kwa Giraffatitan, yule wa Tendaguru, unaikuta kucha hiyo hiyo ya gumba imebaki, tena ndogo, kwenye mkono ambao umegeuka kuwa nguzo: mifupa ya kiganja imesimama wima imejipanga kwa nusu duara, na vidole vingine vimekaribia kwisha. Mkono wa kushikia umekuwa mguu wa mbele.

Shingoni kuna hesabu ambayo wanafunzi wataipenda. Twiga ana pingili 7 za shingo, sawa na mtu, sawa na panya. Karibu mamalia wote wamefungwa kwenye 7, na twiga alichofanya ni kurefusha kila moja. Sauropodomofa walitumia njia mbili kwa pamoja. Wale wa awali, kama Plateosaurus, wana pingili 10 shingoni na 15 mgongoni kabla ya nyonga, na zile za shingo tayari ni ndefu na nyembamba. Giraffatitan ana 13 shingoni. Ile nyongeza haikutoka hewani. Mgongoni zimepungua, na jumla ya pingili kabla ya nyonga imebaki karibu pale pale. Yaani katika mageuko pingili za mbele za mgongo ziliingizwa shingoni: mbavu zake zikafupika, umbo likarefuka. Nikionyeshwa pingili moja peke yake, bila kuambiwa imetoka wapi, kitu cha kwanza ninachotazama ni ubavuni mwake. Za Giraffatitan zimechimbwa mashimo makubwa yaliyoingiwa na vifuko vya hewa kutoka kwenye mapafu, jambo ambalo leo tunaliona kwa ndege. Za wale wa awali hazijachimbwa hivyo.

Kichwa ni kidogo, na udogo huo una sababu. Meno ya Massospondylus yana umbo la jani, kingo zake zina vimeno vikubwa, na hayafai kusaga. Alikata majani, akameza, kazi iliyobaki akaliachia tumbo. Asiyetafuna hahitaji magego wala misuli mizito ya taya, na kichwa kikiwa chepesi shingo inaweza kurefuka bila kumlemea mwenye nayo. Mamalia wakubwa wanaotafuna hawajawahi kupata nafasi hiyo. Kuna viunzi vya Massospondylus vilivyokutwa na mawe tumboni, na zamani tulifundishwa kwamba yalisaga chakula kama kwenye firigisi ya kuku. Siku hizi wengi wanatilia shaka. Mimi naona utumbo mkubwa na muda mrefu wa kuchachusha chakula vinatosha kueleza alivyoishi.

Usiwaache wanafunzi waainishe kwa ukubwa. Mwaka 2005 Martin Sander na Nicole Klein waliikata mifupa ya Plateosaurus na kusoma mistari ya ukuaji ndani yake. Walikuta wengine wameacha kukua wakiwa na mita 5 hivi, wengine wakaendelea hadi 10, na wote ni spishi moja. Hapo mtu wa zamani angeandika spishi tatu. Watoto nao wanadanganya. Mayai ya Massospondylus aliyoyapata James Kitching mwaka 1976 kwenye hifadhi ya Golden Gate, Afrika Kusini, yalikuwa na viinitete ndani, na vilipoelezwa rasmi mwaka 2005 vilionekana vina kichwa kikubwa, shingo fupi na mikono mirefu kwa kulinganisha na mwili. Robert Reisz na wenzake walisema mtoto alianza maisha kwa miguu minne. Uchunguzi uliofuata wa uwiano wa mifupa umeelekea upande mwingine, kwamba alikuwa wa miguu miwili tangu mwanzo, na mimi niko upande huu wa pili.

Turudi kwa babu. Hoja nzuri ya kumkataa ni tarehe. Huko huko Afrika Kusini, karibu na mji wa Clarens, kumepatikana Ledumahadi mafube, aliyepewa jina mwaka 2018. Alikuwa na uzito wa kama tani 12, akitembea kwa miguu minne iliyokunjika kidogo, karibu miaka milioni 200 iliyopita. Wakati Massospondylus anazunguka na miguu yake miwili, jamaa wa karibu zaidi na sauropodi alikuwa tayari anapita jirani yake. Huwezi kuwa babu wa mtu uliyekuwa ukiishi naye kijiji kimoja akiwa mzee kama wewe. Massospondylus na Giraffatitan walikuwa na mhenga mmoja wa zamani zaidi. Upande wa Massospondylus ulibaki na umbo lake hadi ukatoweka. Giraffatitan mwenyewe alikuja karibu miaka milioni 150 iliyopita. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, kwa mikono ya mamia ya wafanyakazi wa kusini chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, na leo kiunzi kimesimama Berlin kikiwa na kimo cha zaidi ya mita 13.

Ukitaka kuwaonyesha mhenga huyo alivyoelekea kufanana, Zimbabwe wana Mbiresaurus raathi, aliyeelezwa mwaka 2022: mwenye umri wa karibu miaka milioni 230, urefu usiofika mita 2, kichwa kidogo, miguu miwili. Na Brazil wana Buriolestes wa karibu miaka milioni 233, sauropodomofa mwenye meno ya kula nyama. Hapo ndipo wengi hushtuka. Tawi lililotoa wala majani wakubwa kuliko wote lilianza na wawindaji wadogo, na wala ulaji wa majani wala shingo ndefu havikuwa vyeti vya kuingilia ukoo. Sisi Tanzania tuna Nyasasaurus wa Manda, bonde la Ruhuhu, miaka milioni 243 hivi: mfupa wa juu wa mkono na pingili chache, zilizokusanywa miaka ya 1930 na kutangazwa mwishoni mwa 2012. Ama ni dinosaria wa zamani kuliko wote au ni ndugu wa karibu sana wa dinosaria, na kwa mifupa michache kama hiyo nisingemlazimisha kwenye tawi lolote.

Sasa jiwe. Sehemu kubwa ya mkoa wa Dodoma, na Singida pia, imekaa juu ya graniti na gneisi zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Dinosaria wa kwanza kabisa hawafiki milioni 250. Miamba hiyo iliganda kutoka kwenye uji wa moto au kupikwa kwa joto na mgandamizo chini sana ya ardhi, enzi ambazo duniani hapakuwa na kiumbe chenye mfupa. Hata kama dinosaria walikanyaga juu yake baadaye, na sioni sababu ya kukataa, mzoga unahitaji kufukiwa na tope au mchanga ili uhifadhiwe, na tope hilo ligeuke mwamba wa mashapo. Kusini, huko Ruhuhu na Tendaguru, mashapo ya enzi hizo yapo. Milima yenu ya graniti haina. Mashapo ya mbuga ya Bahi ni machanga mno. Mahenge, Singida, tunavyo visukuku vizuri vya ziwa la kale, samaki, chura na hata popo, lakini ni vya miaka milioni 46 hivi, na dinosaria wasio ndege walikwisha miaka milioni 66 iliyopita. Na kwa kuwa uko Kondoa, swali hili nalo huwa linakuja: mnyama wa shingo ndefu kwenye michoro ya kale ya miambani kule Kolo ni twiga.

Kwa hiyo dau langu ni kwamba kijana kaokota donge la chokaa, aina inayojijenga ardhini kwenye maeneo makavu kama yetu na kuchukua maumbo ya vifundo na mifupa, au kipande cha kwatzi kilichochongwa na maji. Usiangalie umbo la nje, linadanganya kila mtu. Tazama mahali palipovunjika, kwa lenzi ya maabara. Mfupa una ganda gumu nje na ndani vitundu vingi vidogo kama sifongo, hata ukiwa umegeuka jiwe. Kama ndani ni laini tupu au ni chembe zinazong'aa, ni jiwe tu. Tone la asidi hidrokloriki iliyozimuliwa, mnayo maabara, likitoa povu jingi, yaelekea ni chokaa. Wapo wanajiolojia wanaolamba, maana mfupa wa kale mara nyingi hunata kwenye ulimi, ila hilo usiwafundishe watoto.

Ukiona vitundu, basi umenishinda, na inaweza kuwa mfupa wa mnyama wa karibuni zaidi, jambo ambalo nalo lina thamani yake. Msirudi kuchimba, kwa sababu Sheria ya Mambo ya Kale inavilinda visukuku, na mfupa ukishang'olewa bila kumbukumbu ya tabaka lake hauna tena umri. Peleka taarifa na picha hapa mjini Dodoma, makao makuu ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST. Picha tatu zinatosha: jiwe zima, pale lilipovunjika, na mahali lilipookotwa, na katika kila moja weka rula au kalamu pembeni ili ukubwa uonekane.